Mpwa wangu, huyo unayemwita jambazi alikuwa na njaa

Mpwa wangu mpendwa,

Juzi ulisema wafungwa ambao Waingereza waliwapeleka Australia walikuwa majambazi, na yaliyowapata waliyataka wenyewe. Sikukujibu kwa sababu tulikuwa na wageni. Nakujibu leo, tena hadharani, maana najua hauko peke yako katika fikra hiyo.

Mtazame John Caesar. Alikuwa mtu mweusi. Husemwa alizaliwa Madagaska au visiwa vya Karibi. Alikuwa mtumishi huko Deptford, na mwaka 1786 mahakama ya Kent ilimtia hatiani kwa kuiba pauni 12 na ushei. Adhabu: miaka 7 ng'ambo. Wamarekani walikuwa wamekwisha kujitwalia uhuru na Uingereza haikuwa tena na pa kutupa wafungwa wake, ndipo Mei 1787 meli 11 zikang'oa nanga Portsmouth kuelekea upande wa pili wa dunia. Caesar alikuwa ndani ya mojawapo, iliyoitwa Alexander. Walifika Januari 1788.

Huyu alikuwa pande la mtu, lakini posho haikujali umbo la mtu. David Collins, ofisa wa sheria wa koloni, alimdharau mno; aliandika kwamba akili zake hazikuachana sana na za mnyama. Lakini Collins huyohuyo akaandika kwamba Caesar alisifika kwa kuchapa kazi kuliko wafungwa wote, kwamba posho ya siku mbili aliweza kuimaliza kwa siku moja, na kwamba wizi wake wote ulikuwa wa kutafuta cha kula. Haya kayasema mtu asiyempenda, mpwa wangu!

Mwaka 1789 aliiba tena, kifungo kikawa cha maisha. Baada ya muda mfupi akatorokea msituni na gobore, chakula kidogo na chungu cha chuma. Mimi hicho chungu kinanisemesha kuliko hilo gobore. Alikamatwa, akafungwa minyororo, akatoroka tena kwa mtumbwi, akarudi na majeraha ya mikuki ya wenyeji. Mwaka 1790 wakampeleka kisiwa cha Norfolk. Huko alipata kiwanja cha kulima, hata nguruwe akapewa, na mwaka 1792 Anne Poore akamzalia binti, Mary Ann. Mwaka uliofuata alirudishwa Sydney. Mama na mtoto wakabaki.

Sitakuficha lililo baya. Mwishoni mwa 1795 alimpasua kichwa Pemulwuy, shujaa wa wenyeji aliyekuwa akiitetea ardhi yake dhidi ya walowezi. Wakubwa wakamsifu kwa hilo. Linaniuma kuliko wizi wake wote: mnyonge mmoja kamwangusha mwenzake, na mwenye koloni ndiye aliyefaidi.

Sifa hizo hazikudumu. Desemba ya mwaka huohuo alitoroka mara ya mwisho, na Januari 1796 Gavana Hunter akatangaza zawadi ya galoni 5 za pombe kali kwa atakayemleta. Tarehe 15 Februari, John Wimbow alimpiga risasi, akafa.

Kwa hiyo ukisema tena "majambazi", sema pia nani aliyepima posho ile, na nani aliyeamua kwamba uhai wa mtu una thamani ya galoni 5. Nangoja jibu lako.

Mjomba wako