Barua kutoka Sardinia kuhusu mhadasi na mizabibu

Sassari, kisiwa cha Sardinia, Italia

Kwa ndugu yangu mpendwa Elia,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi huku tu wazima. Barua yako niliipata, nami nimekawia kuijibu kwa sababu maswali yako mawili yalihitaji utulivu: kama ninaweza kukuletea miche ya mhadasi uipande kando ya shamba lako la zabibu hapo Hombolo, na ni aina gani ya mizabibu ya kisiwa hiki ingefaa kujaribiwa Dodoma.

Mhadasi, ambao wewe na mimi tuliusoma katika Isaya na Zekaria bila kuuona, ni kichaka kinachojiotea hapa vilimani na karibu na bahari, nacho hubaki kijani mwaka mzima. Matunda yake madogo, meusi ya kuelekea samawati, huiva kuanzia Novemba hadi Januari. Ukiyatafuna utapata utamu kidogo, kisha ukakasi na harufu kali kama ya dawa, ndiyo maana wengi huyatumia kutengenezea kileo kiitwacho mirto badala ya kuyala. Huyaloweka katika pombe kali safi ya kunywewa kwa wiki kadhaa hadi rangi na harufu vitoke, wakachuja, kisha wakatia sukari iliyoyeyushwa au asali. Matawi nayo yana kazi, kwani mtoto wa nguruwe akishachomwa hulazwa juu yake na kufunikwa kwayo ili nyama inukie. Mimi, nikiri, naipenda nyama hiyo kuliko kileo chenyewe.

Hata hivyo sikushauri uuagize. Mhadasi umezoea mvua za majira ya baridi na kiangazi kikavu, ilhali mvua zenu huja wakati wa joto. Tena jamaa zake unao tayari, maana mzambarau, mpera na hata mkarafuu wa Pemba ni wa ukoo huo huo. Zambarau ina rangi ile ile na ukakasi unaokaribiana, kwa hiyo ningekuwa wewe ningeanza kwa kuloweka zambarau katika chupa chache kabla ya kufikiria mmea wa ng'ambo.

Kuhusu mizabibu nina matumaini zaidi. Ningeanza na Cannonau, zabibu nyekundu ambayo Wahispania huiita Garnacha na Wafaransa Grenache, kwa kuwa huvumilia joto, upepo na ukame. (Watu wa hapa husisitiza kwamba asili yake ni kwao, ugomvi huo siuingilii.) Kwa mvinyo mweupe iko Vermentino, inayostawi katika udongo wa mawe ya matale huko Gallura, kaskazini-mashariki mwa kisiwa, na mvinyo wake wa Gallura ulipewa daraja la juu kabisa la Italia mwaka 1996.

Ya tatu ni Carignano, zabibu nyekundu ya Sulcis, eneo la kusini-magharibi mwa kisiwa lenye mashamba ya kichanga, nayo inahusu moja kwa moja ombi lako la kuletewa pingili, yaani vipande vya matawi vya kupandia, kwenye sanduku. Huko bado ipo mizabibu mizee iliyosimama juu ya mizizi yake yenyewe, kwa sababu filoksera, mdudu mla mizizi aliyeangamiza mashamba ya Ulaya katika karne ya 19, hastawi mchangani. Kwingineko karibu kote wakulima hulazimika kubebesha, yaani kuunganisha, mizabibu yao juu ya mashina ya asili ya Marekani yanayomstahimili mdudu huyo. Kwa hiyo pingili sitazibeba kwa siri, zisije zikakuletea mdudu kama huyo, hata ukininunia. Nenda kituo cha utafiti cha Makutupora, uwaulize taratibu za karantini na aina walizokwisha kuzijaribu. Waulize pia kuhusu upogoaji, kwani mizabibu ya huku hulala wakati wa baridi na kuvunwa mara moja tu kwa mwaka, nanyi mnavuna mara mbili. Makutupora nyekundu, aina ya zabibu ya kwenu, imezoea mwendo huo, lakini Cannonau itabidi ipimwe shambani kwanza.

Katika barua ijayo nieleze udongo wako ni wa namna gani, kama maji ya kisima yana chumvi, na kama unakusudia kuuza zabibu zenyewe au kukamua mchuzi wake wa kutengenezea mvinyo, maana aina nitakayokupendekezea itategemea hayo.

Wako katika urafiki,
Yohana