Kabla Hujauza Besi Yako, Ilete Kwanza Mezani

Jumanne moja asubuhi, dada anayepiga besi kanisani kwao Kayole alipanda ngazi za karakana yetu hapa Ngara, gitaa likiwa kwenye mfuko uliokatika zipu. Hakutaka hata kuketi. "Fundi, nitafutie mtu wa kuninunulia hii," akasema. "Vidole vinaniuma, na kwaya inalalamika kwamba hainisikii. Nataka ya nyuzi tano, kama ya yule kaka wa ibada ya pili."

Nilimpa kiti akakikubali, kisha nikalilaza gitaa mezani chini ya taa. Uzi wa E, ule mnene wa juu, ulikuwa umeinuka karibu milimita 5 kwenye freti ya 12, yaani kile kipande cha 12 kati ya vipande vya chuma vilivyopangwa shingoni. Nilichukua sarafu mbili za shilingi moja nikazipandanisha, zikapita chini ya uzi bila kuugusa. Nyuzi zenyewe zilikuwa na weusi wa jasho na vumbi. Tangu anunue besi, miaka mitatu, hakuwahi kuzibadilisha. Gitaa halikuwa na kosa lolote. Lilikuwa halijawahi kusetiwa, yaani kunyooshwa shingo na kurekebishwa kimo cha nyuzi.

Tunaona jambo hili karibu kila wiki, na linanihuzunisha kwa sababu watu hupoteza pesa nyingi. Mtu huchoka na besi yake, huiuza kwa bei ya kutupa, hununua nyingine dukani ambayo nayo haijasetiwa, na baada ya miezi sita maumivu ni yale yale. Anayeamini kwamba analinganisha magitaa mawili mara nyingi analinganisha nyuzi mpya na nyuzi kuukuu, au shingo iliyonyooka na shingo iliyopinda.

Nyuzi nne za besi zikishakazwa huvuta shingo kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 70. Hebu fikiria mtu mzima ananing'inia kwenye ubao ule mwembamba usiku na mchana. Ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma inayoshindana na mvuto huo, na mbao nayo haitulii: hukauka Januari na Februari, hunywa unyevu wakati wa masika, hushtuka baridi ya Julai. Magitaa yanayotoka Mombasa kuja kukaa Nairobi ndiyo yanayoonyesha wazi zaidi. Mbao husinyaa kidogo, na ncha za freti zikaanza kuchomoza pembeni mwa shingo na kukukwaruza kiganja.

Unaweza kuipima shingo yako mwenyewe nyumbani. Tuni gitaa kwanza. Bonyeza uzi wa E kwenye freti ya kwanza kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia ubonyeze pale shingo inapoungana na mwili. Uzi sasa umekuwa rula. Tazama katikati, karibu na freti ya 8: panapaswa kuwa na nafasi ndogo, kama unene wa kadi ya biashara. Kama hakuna nafasi kabisa, uzi utapiga kelele ya chuma kwenye freti. Kama kidole kinakaribia kupita, shingo imepinda mbele, nawe unasukuma uzi umbali usiohitajika kwa kila noti. Kupima ni bure na hakuna madhara. Kuizungusha ile fimbo bila uzoefu, hapana. Sisi huizungusha robo mzunguko, tunatuni upya, tunaangalia tena, na ikikataa hatuilazimishi. Tumepokea shingo ambazo fimbo yake ilikatikia ndani kwa sababu mtu alitumia spana na hasira, na kutengeneza hiyo ni kazi ya gharama kubwa.

Basi baada ya saa moja na nusu, uzi wa E wa yule dada ulikuwa milimita 2.5 juu ya freti ya 12, nyuzi mpya, na kila noti ikilia sawa kutoka juu hadi chini ya shingo. Aliijaribu, akanyamaza, akapiga tena wimbo ule ule polepole. "Fundi, hii ni ile yangu?" Ilikuwa ile yake.

Sisemi watu wasinunue besi nyingine. Mimi mwenyewe nina nne na siachi hata moja. Nasema usichague kabla hujajua unachosikia kinatoka wapi.

Chukua aina mbili ambazo karibu kila besi ya dukani imeiga mojawapo. Mtengenezaji wa magitaa wa Marekani aitwaye Leo Fender alitoa Precision Bass mwaka 1951, na Jazz Bass mwaka 1960. Urefu wa uzi unaopigwa ni ule ule, inchi 34, yaani sentimita 86. Tofauti iko kwingine. Precision tunayoijua leo ina pikapu (kile kinasa sauti cha sumaku chini ya nyuzi) moja iliyogawanywa vipande viwili, na sauti yake ni nzito, imejaa katikati, haipotei hata bendi ikiwa na kinanda na magitaa mawili. Jazz ina pikapu mbili, shingo yake ni nyembamba zaidi kule juu, na ukichanganya pikapu hizo unapata sauti nyingi, kuanzia ya mviringo hadi ile ya puani ambayo mpiga besi Jaco Pastorius aliipenda. Lakini kwenye Jazz nyingi za siku hizi, ukipunguza pikapu moja zaidi ya nyingine, mvumo wa umeme unaingia. Katika ukumbi ambao soketi zake hazina waya wa ardhini, na hapa jijini ziko nyingi, mvumo huo utausikia mpaka nyuma. Fungua pikapu zote mbili kwa kiwango kimoja, mvumo utapungua sana.

Kwa kanisa lenye ala nyingi, mimi ningechukua Precision. Kwa mtu anayepiga benga au rumba, ambapo besi haikai nyuma bali inajibizana na gitaa, ningempa Jazz aijaribu kwanza.

Kuna besi za betri ya volti 9, zenye kikuza sauti ndani ya gitaa. StingRay ya Music Man ya mwaka 1976 ndiyo iliyozifanya zijulikane. Ni nzuri, zina nguvu na sauti zake nzito zinakaa wazi. Ila fahamu jambo hili, kwa sababu Jumamosi jioni simu hazikomi kuhusu besi "iliyokufa": waya ukichomekwa kwenye gitaa, betri huanza kuliwa, hata kama umezima amplifaya na kwenda kulala. Chomoa waya ukimaliza mazoezi. Sauti ikianza kukwaruza na kupungua, badilisha betri kwanza kabla ya kuita fundi.

Sasa ile ya nyuzi tano. Uzi wa tano ni B ya chini, na noti yake ni karibu mitetemo 31 kwa sekunde, wakati E ya kawaida ni 41. Spika ndogo ya inchi 8 haiwezi kuitoa noti hiyo ipasavyo. Yule kaka wa ibada ya pili anasikika kwa sababu anapitia spika kubwa za kanisa. Dada yetu alikuwa anatumia amplifaya ya mazoezi iliyowekwa sakafuni nyuma ya wanakwaya. Tulimshauri aipandishe juu ya kiti, aigeuze ielekee masikio badala ya visigino, apunguze sauti nzito kidogo na kuongeza sauti za katikati. Hakulipia chochote kwa ushauri huo, na kwaya sasa inamsikia. Zaidi ya hayo, nyuzi tano humaanisha uzi mmoja zaidi wa kunyamazisha. Asiyejua kunyamazisha nyuzi nne ataongeza ngurumo, hataongeza muziki.

Kama mikono yako ni midogo au unamnunulia mtoto, uliza besi yenye uzi wa inchi 30. Wengine huidharau kana kwamba ni kitu cha kuchezea, na wanakosea: besi ya Höfner aliyoishika Paul McCartney wa Beatles ni ya urefu huo. Freti ziko karibu, nyuzi hazijakaza sana, vidole vinachoka polepole.

Kuhusu kujifunza, nitasema kile ninachowaambia wanaokuja hapa Jumamosi. Msianze na mbio za vidole. Msikilize mpiga ngoma, hasa ile ngoma ya mguu, na mpige noti moja nayo, moja tu, mpaka zisikike kama kitu kimoja. James Jamerson, ambaye besi yake iko kwenye nyimbo zisizohesabika za Motown, kampuni ya rekodi ya Marekani, alipiga kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia. Halafu fungulia Shirati Jazz, bendi ya benga ya D.O. Misiani, na usisikilize sauti ya mwimbaji wala gitaa la kwanza. Fuata besi peke yake. Utasikia pale inaponyamaza, na ukimya ule ndio unaowainua watu vitini. Iga mistari minne kwa mwendo wa pole, iandike kichwani, kisha urudi kesho. Dakika 20 kila siku zinashinda saa tatu za Jumamosi usiku kabla ya ibada, na vidole vyako vitaota ngozi ngumu bila malengelenge.

Kuseti besi ya nyuzi nne tunatoza shilingi 2,500, ya nyuzi tano 3,000. Nyuzi unaweza kuleta zako au ukachagua hapa. Unaliacha gitaa asubuhi, unalichukua jioni. Likihitaji kazi ya freti au waya za ndani, tunakupigia simu kwanza na kukutajia bei kabla hatujagusa kitu.

Ukija, njoo na waya unaoutumia, maana nusu ya kelele tunazotafuta ndani ya magitaa huwa ziko kwenye waya. Njoo pia na mkanda wako. Tutakusimamisha ukiwa umelivaa gitaa, tuone linakaa wapi kifuani, ndipo tuamue nyuzi ziinuliwe kiasi gani.