Paka wetu na saa ya daku

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niseme na wenzangu wanaokosa usingizi kwa sababu ya paka wa nyumbani, kwani mtaani kwetu hapa Tanga dawa inayojulikana ni moja tu, nayo ni kumtia mnyama ndani ya kiroba na kwenda kumwacha soko la samaki.

Paka wetu, dume mwenye umri wa miaka sita, alikuwa mtulivu mpaka Ramadhani iliyopita. Kila tulipoamka kula daku alipata kichwa cha kibua, na mfungo ulipokwisha yeye hakupata habari za mwandamo wa mwezi. Saa kumi za alfajiri aliendelea kulia mlangoni kwa sauti ya kuamsha majirani. Tulimfokea, tukamrushia kandambili, na mwishowe, ili tulale, mmoja wetu akaamka akampa dagaa. Kosa lilikuwa hapo. Paka wakubwa hawalii nyau wao kwa wao ila kwa nadra. Mlio huo ni wa mtoto kwa mama yake, na paka wa nyumbani huendelea kuutumia kwa binadamu. Anayejibiwa, hata kwa kufokewa, huona ameitikiwa, na anayepewa chakula siku moja kati ya kumi hujifunza kuzivumilia zile tisa.

Tulikata shauri chakula kikuu kiwe baada ya Isha, tukitanguliza dakika 15 za kumchezesha kwa kamba mpaka achoke, na asubuhi asipate kitu kabla ya saa moja, alie asilie. Wiki ya kwanza kelele zilizidi, na asiyelitarajia hilo hushindwa papo hapo. Wiki ya pili mama mkwe, kwa huruma zake, alimpa dagaa mmoja tu, nasi tukaanza upya. Sasa hulia mara mbili tatu, kisha hurudi kulala.

Hata hivyo, si kila kilio ni cha kupuuzwa. Dume anayechuchumaa mara kwa mara bila kutoa mkojo huenda njia yake imeziba, na lazima afikishwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, kwa kuwa hali hiyo huweza kumuua katika siku chache. Paka mzee anayekula sana huku akikonda, tena akilia usiku, apimwe tezi ya shingo. Jike asiyefungwa kizazi naye huita dume, na huku kwetu karibu na Ikweta, ambako mchana haufupiki kama ufupikavyo Ulaya majira ya baridi, joto hilo la kutaka dume huweza kumjia mwezi wowote. Huyo anahitaji upasuaji, wala kumnyima chakula hakutamnyamazisha.

Ama yule wa jirani aliyepelekwa sokoni kwa kiroba, nasikia sasa analia kila alfajiri kwenye meza ya mwuza samaki, ambaye naye ameanza kumpa vichwa.

Msomaji wako,
Tanga