Mafaili yetu yanalala steshenari

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua.

Ukiingia steshenari yoyote hapa Dar, hasa msimu wa vijana kuomba mkopo wa bodi, hebu tupia jicho kioo cha kompyuta ya yule dada anayekuprintia. Folda ya Downloads imejaa vyeti vya kuzaliwa, kopi za NIDA mbele na nyuma, mikataba ya nyumba, mpaka majibu ya hospitali, yaani mambo ya mtu yako wazi na mwenyewe wala hana habari, alishachukua karatasi zake akalipa akaenda zake. Simlaumu dada wa watu maana ana foleni mpaka mlangoni, faili limetumwa Whatsapp ya dukani, limefunguliwa, limeprintiwa, basi linakaa hapo mpaka siku kompyuta inapelekwa kwa fundi au inauzwa na kila kitu ndani.

Kuna wanaosema si kuna ile ya Whatsapp ya kuangaliwa mara moja (View once)? Ipo tangu 2021, ila ni ya picha, video na meseji za sauti, pdf ya cheti haimo. Na meseji za kujifuta nazo zinafuta kwenye chati tu, mtu akishasevu kwenye kompyuta yake ndo imeisha hiyo.

Kinachofaa zaidi ni linki inayokufa. Mwaka 2019 Mozilla, wale wenye brauza ya Firefox, walitoa Firefox Send, huduma ya bure ya kutuma mafaili kwa linki, faili lilikuwa linafungwa kwa ufunguo humohumo kwenye mashine yako kabla halijaondoka, na ufunguo wenyewe unakaa mwishoni mwa linki baada ya ile alama ya reli (#), sehemu ambayo brauza haiipeleki kwenye seva, yaani kompyuta zao zinazotunza mafaili, kwa hiyo hata Mozilla wenyewe hawakuweza kulisoma. Unachagua lishushwe mara ngapi au likae muda gani, likifika hapo halipo tena. Wahuni wakaanza kuitumia kusambaza virusi, 2020 ikafungwa. Inauma kwa kweli.

Lakini mbadala zipo. Bitwarden, wale wa programu ya kutunza paswedi, nao wana Send yao, unaweka paswedi na idadi ya kufunguliwa, anayepokea hahitaji akaunti, ubaya wake kutuma faili lazima ulipie, bure ni maandishi tu. OnionShare, programu ya kutuma faili moja kwa moja toka kompyuta yako, ni bure ila anayepokea lazima awe na Tor Browser, brauza ya kuficha nyendo za mtu mtandaoni, sasa nani atamwelekeza dada wa steshenari hayo saa nne asubuhi watu wamejaa? Chochote utakachotumia, linki itume Whatsapp, paswedi mpigie simu umtajie. Na ukiweka kushushwa mara moja tu unapata faida nyingine, mwenzako akikuta linki imeshakufa mnajua hapohapo kuna mtu kaliwahi faili.

Ila hakuna linki itakayofuta kitu kikishaingia kwenye kompyuta ya mtu, na hapa ndo nataka wenye maduka na maofisi yanayotuomba vyeti kwa imeli wanisikie. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, Tume ya kuisimamia ipo, lakini wangapi wanajua kwamba inawahusu na wao wenye kompyuta moja na printa? Tume ingepita mitaani huko, sio semina za hotelini tu.

Wala sio kazi ngumu. Windows 10 na 11 zina kitu kinaitwa Storage Sense, kiko kwenye Settings upande wa System, ukikiwasha, ukakiweka kifanye kazi kila siku na ukachagua siku moja, kitakuwa kinafuta chenyewe vilivyomo Downloads ambavyo havijafunguliwa kwa muda huo, na vya kwenye pipa la taka pia. Duka litakaloweka hivyo likabandika na karatasi mlangoni kwamba mafaili ya wateja hayakai hapa, mimi nitaenda kuprinti huko hata wakizidisha mia.

Msomaji wako,
Mbagala, Dar es Salaam