Barua kwa mwanangu, kabla hujasaini

Mwanangu kipenzi,

Ile meseji yako ya juzi nimeisoma mara tatu. Umeandika "mama si kiwanja tu, tuwape hao watu wa ubia wajenge, tugawane fremu za maduka yaishe" na mimi sikujibu kwa sababu nilikuwa nalia, alafu nikakaa nikaona sio kosa lako. We umekulia Kimara, Kariakoo unaijua kwa kwenda kununua nguo za sikukuu, hakuna aliyekukalisha chini akakwambia pale kwa babu palikuwa nini. Nakwambia leo, na ni ndefu, nivumilie.

Anzia jina. Vita vya kwanza vya dunia, Waingereza walivyoichukua Dar 1916 waliweka pale kambi ya wapagazi, wale Waafrika waliobebeshwa risasi na vyakula maporini kuwafukuzia Wajerumani, na wengi sana wakafa kwa njaa na maradhi bila hata kushika bunduki. Kikosi kiliitwa Carrier Corps, wazee wetu wakatamka Kariakoo. Mi huwa nalifikiria sana hilo, kila siku konda anaita Kariakoo Kariakoo kumbe anawaita wabeba mizigo.

Na mtaa wenyewe haukuota. Wakoloni waliukata mji mapande, Uzunguni kule upande wa bahari, Uhindini katikati, sisi Uswahilini nyuma, na kati yetu na Uhindini wakaacha uwanja mtupu, ndo Mnazi Mmoja huo unaopita ukienda Posta. Uliachwa wazi ili tusisogeleane. Ndo maana mitaa ya Kariakoo imenyooka kama mistari ya daftari, vilikuwa viwanja vya kupimwa, ukipewa chako unasimamisha miti unakandika udongo, juu makuti, mwenye uwezo anaweka bati. Na waliowekwa pale hawakuwa ndugu mwanangu. Wazaramo, Wamanyema, Wanyamwezi, Wanubi, Wayao, Wangazija, kila mtu na kwao, soma tu vibao vya mitaa uone, Nyamwezi, Swahili, Pemba, Mafia, Congo.

Sasa undugu ulitoka wapi? Mi naamini ulitoka kwenye nyumba. Ile ya babu yako unayoiita gofu ni nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu huku vitatu kule, ukumbi katikati umenyooka toka mlango wa mbele mpaka uani, na uani ndo kuna jiko, choo, bafu na bomba moja. Bomba moja kwa familia tano! Sisi tulikaa vyumba viwili, vinne vya wapangaji, na hakuna aliyeweza kuumwa, kununa, kuletewa mgeni au kulala njaa wenzake wasijue. Faragha haikuwepo, sikudanganyi, na watu waligombana sana pale bombani, lakini unagombana asubuhi na jioni mtoto wake unamwogesha wewe.

Ngoja nikuonyeshe kitu kimoja. Ramadhani, dakika kumi kabla ya adhana ya magharibi, ukumbi wote ulijaa watoto tumebeba sahani zimefunikwa kawa, mimi natoka na tambi za bibi yako naingia chumba cha pili, wa chumba cha pili anakuja kwetu na bakuli la magimbi ya nazi, tunapishana ubavu ubavu gizani tumeshika kwa mikono miwili. Na mama wa chumba cha tano, Mnyamwezi, Mkristo, hafungi, alikuwa anapika na yeye anagawa vyumba vyote siku zote thelathini. Sahani ya mtu ilikuwa hairudi tupu, ukikosa kabisa unaweka hata ndimu mbili. Bibi yako alinizaba kofi siku nimerudisha sahani imeoshwa haina kitu, na ndo kofi pekee lake ninalolikumbuka.

Alafu babu alipofariki. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, si unajua, tunaruhusiwa kutaniana hata msibani, basi jeneza linataka kutoka yule mama wa chumba cha tano akalala chali kizingitini akasema mzee haendi popote mpaka wanilipe, kodi yangu ya mwezi huu nani atakuja kuidai! Watu wakacheka na machozi yanatoka, wakachanga wakampa, akainuka, hatua tatu mbele akaanguka kwa kilio kuliko sisi watoto. Zile hela alizileta jioni jikoni ukanunuliwa mchele wa msiba.

Na huo ukaribu usidhani ulikuwa wa sahani tu. TANU, chama kilichopigania uhuru, ilipozaliwa 1954 makao yake yalikuwa hapo hapo New Street, Lumumba ya leo, na Bibi Titi Mohamed, kiongozi wa wanawake wa TANU, alivyotafuta akina mama hakuanzia maofisini, alipitia vikundi vya ngoma, maana vilikuwa vimeshaundwa, vina viongozi, vina michango, wanajuana hadi jikoni. Bibi yako alikuwa mmoja wao. Kadi ya TANU aliificha ndani ya mto.

Soko lile jipya, la mchoro wa Beda Amuli, lenye yale mapaa kama miavuli iliyogeuzwa, Mwalimu alilifungua Desemba 1975, mimi niko darasa la tatu, nilibebwa mabegani nikaona vichwa tu. Kuanzia hapo biashara ikawa inatusogelea mdogo mdogo. Miaka ya tisini nyumba ya jirani ikavunjwa likapanda ghorofa, ikafuata ya nyuma, wapangaji wakatawanyika Mbagala, Tandika, Gongo la Mboto, baraza waliyochezea bao ikawa fremu na kilemba chake, ile hela ya kuingilia. Siwalaumu waliouza, mirathi ya watu kumi na wawili utaigawaje? Hata sisi tulihama.

Lakini Novemba 2024 lile ghorofa lilipoanguka pale Kariakoo, nilikaa kwenye simu nikiangalia watu wakichimbua kifusi kwa mikono na mabeleshi, wasiojuana, nikawa nasema huu ndo mtaa wangu. Na ndo maana hao wa ubia nataka watuonyeshe vibali na mhandisi wao kabla hatujagusa kalamu. Fremu zina hela, nakubali, na mimi sitawazuia, mtasaini na mimi nitasaini.

Ila Jumamosi wanakuja kupima, na nataka uje kabla yao, saa moja asubuhi, tushuke Msimbazi twende kwa miguu. Ufunguo wa mlango wa uani ninao mimi. Bomba lilishakatwa lakini sakafu ya saruji pale chini imechimbika kishimo kwa ndoo za miaka yote ile, nataka uingize mguu wako mle, na uje na sahani, kuna yule mama wa chumba cha tano bado yuko hai kwa mjukuu wake Ilala, tukitoka hapo tunampelekea chochote.

Mama yako