Wanawe wanataka alazwe kwa vidonge mpaka Jeddah, bila mwenyewe kujua

Ndugu Mhariri,

Assalamu alaykum. Naomba nafasi niulize madaktari wa akili, manesi, wahudumu wa ndege na viongozi wenzangu wa misafara ya Umra.

Katika msafara wetu wa Tanga yumo bi mkubwa wa miaka 63. Watoto wamelipa, pasipoti ipo, na hamu ya kwenda anayo tangu ujana wake. Hajapanda ndege hata mara moja. Safari ikitajwa tu viganja vinalowa jasho, moyo unamwenda mbio, anasema pumzi haitoshi. Zimebaki wiki sita. Wanawe wawili wamekuja na shauri lao: asubuhi ya safari asagiwe diazepam, dawa ya kutuliza hofu inayoleta usingizi, kwenye uji, alale, aje kuamka Jeddah, na mwenyewe asiambiwe kitu. Nimekataa, wakakasirika, wakasema namzibia mama yao njia ya Makka. Sitaki kumzibia. Nataka afike akiwa na akili zake, kwa hiyo naeleza ninavyolipanga jambo hili ili mwenye ujuzi aniambie palipo na kasoro.

Nianze na vidonge, maana ndipo ugomvi ulipo. Diazepam haiishi mwilini kwa haraka: nusu yake tu huchukua kati ya saa 20 na 50 kutoka, na kwa mtu mzima kama huyu huchelewa zaidi. Tunabadilisha ndege njiani. Atateremkaje ngazi, atapitaje ukaguzi, ataweka vipi alama za vidole kwa afisa wa uhamiaji akiwa anayumba? Wazee wanaotumia dawa hii huanguka, na nyonga ikivunjika ugenini hakuna tena Umra. Halafu shirika la ndege lina haki ya kumkatalia abiria anayeonekana amelewa dawa, nao hawataki kujua ni nani aliyemlewesha. Akikaa saa nyingi bila kujigeuza, damu inaweza kuganda miguuni. Isitoshe, ni dawa inayodhibitiwa. Nchi za Ghuba zinataka cheti cha daktari, na nyingine zinataka kibali kabla hujafika. Vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi ndani ya mkoba wa mama ambaye hata hajui vimo ni kumtafutia kesi.

Na kuna la kurudi. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio walilofanya kwa wanawake wanaoogopa ndege. Waliopewa alprazolam, dawa ya ukoo mmoja na diazepam, walitulia kwenye safari ya kwanza. Wiki moja baadaye walipopanda tena bila dawa, hofu yao ilikuwa kubwa kuliko ya wale waliokuwa wamepewa kidonge kitupu. Bi mkubwa atarudi kwa ndege pia. Sitaki akae Makka siku zote anaihesabia ndege ya nyumbani.

Wanaosema basi apewe Piriton kwa kuwa "ni ya mafua tu", kwa mtu wa umri huu nayo huleta kuchanganyikiwa na kushindwa kukojoa. Propranolol, ile ya kutuliza mapigo ya moyo, haimfai kabisa kwa sababu ana pumu. Daktari akimpima na kuona inafaa apewe kitu kidogo, kwa jina lake, kwa ridhaa yake, na akakijaribu kwanza nyumbani, hapo sina neno.

Sasa hofu yenyewe. Wanawe wamekuwa wakimsomea takwimu kwamba ndege ni salama kuliko basi la Tanga kwenda Dar. Yeye huwajibu kwa ile ajali ya Bukoba ya tarehe 6 Novemba 2022 iliyoua watu 19, na mazungumzo huishia hapo. Lakini akiulizwa taratibu ni nini hasa anachokiona akilini, hataji kuanguka. Anataja mlango kufungwa. Nyumbani bafuni huuacha wazi kidogo. Lifti hapandi. Kwenye gari hukaa karibu na dirisha lililoshushwa kioo. Anachoogopa ni kufungiwa mahali asipoweza kutoka, kisha apandwe na kiwewe mbele za watu. Takwimu za ajali hazigusi hapo hata kidogo, na nadhani nusu ya juhudi za familia zimepotea kwa kujibu swali ambalo mama hakuuliza.

Kwa hiyo mazoezi nimeyapanga kwa milango. Wiki ya kwanza ni mlango wa bafuni: anaufunga bila komeo, kisha na komeo, mtu yuko nje. Wiki ya pili ni gari lililosimama, vioo juu, kiyoyozi kinafanya kazi (bila kiyoyozi, kwa joto la Tanga, itakuwa mateso na hatari), yeye kiti cha nyuma katikati ya watu wawili. Wiki ya tatu ni lifti ya Dar es Salaam: kwanza kusimama ndani mlango ukiwa wazi, kisha ghorofa moja, kisha kupanda na kushuka mpaka achoke nayo. Kila siku dakika 30 hadi 45. Kila zoezi anataja hofu yake kwa namba, sifuri mpaka kumi, na hatoki mpaka namba ishuke angalau nusu. Kanuni hii ndiyo ngumu kwa familia, kwa sababu wakimwona anatetemeka wanamtoa. Mtu akitolewa hofu ikiwa kileleni, mwili unajifunza kwamba kutoka ndiko kulikomwokoa, na kesho yake zoezi linakuwa zito zaidi. Kiwewe hupanda ndani ya dakika kumi hivi kisha huanza kushuka chenyewe, ila lazima awepo aone kikishuka.

Swali langu la kwanza kwa madaktari: wiki tatu za milango zinatosha, au niache mengine yote na kuendelea na milango tu?

Pumzi nayo inahitaji kufundishwa. Akishtuka anahema haraka haraka, hewa chafu inatoka kuliko kiasi, vidole na midomo vinakufa ganzi, kichwa kinakuwa chepesi, naye anaamini hewa imekwisha. Anavuta zaidi na hali inazidi. Dawa yake ni kutoa pumzi polepole: kuvuta kwa puani kwa hesabu ya nne, kutoa kwa hesabu ya sita. Bi mkubwa ana tasbihi mkononi muda wote, basi tunafanya punje moja kwa pumzi moja, na dhikri anaitamka wakati wa kutoa. Inamkaa vizuri kuliko kuhesabu. Afanye mara mbili kwa siku akiwa ametulia, maana anayejifunza kupumua siku ya kiwewe amechelewa. Aelezwe pia kwamba hewa ya ndani ya ndege hubadilishwa yote kila dakika mbili tatu. Ni nyepesi kidogo, sawa na ya mtu aliye mlimani kati ya mita 1,800 na 2,400, yaani juu zaidi ya Lushoto na karibu sawa na Addis Ababa penyewe. Kwa sababu hiyo, na kwa pumu yake, nimetaka kifua kipimwe hospitali ya mkoa kabla ya safari, na dawa yake ya kuvuta ikae mfukoni, isiingie kwenye begi la juu.

Njia ya safari ndiyo inayonisumbua zaidi. Kuanzia Jeddah maana yake mikati, yaani mpaka ambao mwenda Umra hatakiwi kuupita kabla ya kunuia, inapitwa angani. Tangazo la wahudumu kwa kawaida huja muda mfupi kabla ya kutua, na hapo msafiri anatakiwa awe ameshanuia. Mtu aliyelazwa kwa dawa atanuia vipi? (Hili ndilo lililowanyamazisha wanawe kidogo.) Hata bila dawa, ni mzigo mwingine juu ya mama aliyekwisha kubanwa na hofu. Nimependekeza tuanzie Madina. Akishapumzika siku kadhaa, ananuia Dhul-Hulayfa, wengi wanapaita Abyar Ali, nje kidogo ya Madina, kisha basi mpaka Makka, kama kilomita 450. Ndani ya ndege ya kwenda hana masharti ya ihramu, kwa hiyo anaweza hata kunusa kitambaa chenye asumini, ambacho angekatazwa kama angekuwa ameshanuia.

Kufika Madina kuna njia mbili. Kupitia Addis Ababa ni karibu saa tatu, kisha saa mbili na nusu hivi. Kupitia Doha kipande cha kwanza kinakaribia saa sita, cha pili ni kifupi. Zote mbili milango inafungwa mara mbili, tofauti ni urefu wa kila kifungo. Mimi naegemea Addis. Wapo wanaoniambia kipande kirefu ni bora, kwa kuwa hofu hupata muda wa kushuka yenyewe, na ndege za njia hiyo mara nyingi ni pana, zenye njia mbili za kutembea. Wahudumu wa ndege, mnaona nini kwa abiria wa namna hii?

Kiti. Wenye kuogopa mtikisiko huambiwa wakae usawa wa mabawa, ambako ndege hutikisika kidogo kuliko mkiani. Kwake nimeona kando ya njia, safu za mbele, ili asiwe na ukuta wa vichwa mbele yake. Tiketi za kikundi hupangiwa viti kwa wingi, hivyo lazima niombe mapema. Tena wazee huitwa kupanda kwanza kwa heshima, na kwake heshima hiyo ni adhabu, kwa sababu atakaa ndani muda mrefu kuliko wote kabla ya kuruka. Mwanawe mmoja atatangulia na mizigo, yeye aingie mwishoni na mwenzake, na mhudumu wa mlangoni aambiwe waziwazi: ni mara yake ya kwanza, anaogopa mlango ukifungwa. Akitaka kushuka kabla haujafungwa, ataruhusiwa, ila begi lake litatafutwa tumboni mwa ndege na watu wote watasubiri. Alijue hilo mapema. Najiuliza kama kulijua kutampa utulivu au kutamfungulia mlango wa kukimbilia.

Choo kinasahaulika na watu wengi. Mwoga wa kufungiwa huacha kunywa maji ili asiende, kisha kiu inamletea kizunguzungu, naye anakichukua kuwa ni kiwewe. Wengine huruka hata kidonge cha presha kinachokojoza. Anywe kidogo kidogo, aende chooni uwanjani dakika za mwisho, na angani aende akiwa na mwanawe nje ya mlango. Aonyeshwe kwamba taa huwaka vizuri pale komeo linaposukumwa, maana asipojua ataingia kwenye kiza na kutoka mbio. Maji ya kusafishia hunguruma kwa kishindo, basi asimame, afunike, ndipo abonyeze.

Sauti nyingine nimemrekodia kwenye simu asikilize kabla: magurudumu yakiingia kwa kishindo chini ya miguu, na ule mnguruo mkubwa wa injini baada ya kugusa ardhi wakati wa kutua. Moja linahitaji maelezo: muda mfupi baada ya kupaa, rubani hupunguza nguvu ya injini. Sauti inashuka, na masikio ya ndani yanadanganya kwamba ndege inazama, ilhali bado inapanda. Hapo ndipo wageni wengi hupiga kelele.

Mwisho ni ndege ya mazoezi, Dar kwenda Zanzibar, kama dakika 20. Ziko ndege ndogo za injini moja ambamo unamwona rubani mgongoni, na ziko kubwa za pangaboi mbili. Ndogo hurushwarushwa na upepo, hasa mchana jua linapopasha ardhi, nayo ni finyu. Kubwa inafanana zaidi na ile ya safari. Nataka kubwa, asubuhi mapema, kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Wanawe wanasema arudi kwa boti "apumzike". Nasema akirudi kwa boti tumemfundisha kwamba ndege ilikuwa ajali aliyoponea. Je, niko sawa, au nashikilia mno? Na akishindwa kupanda ile ya Zanzibar, nimwondoe kwenye msafara, au kushindwa mara moja si dalili ya kushindwa tena?

Tiketi zinakatwa mwisho wa mwezi huu, kwa hiyo la Addis au Doha ndilo nalohitaji kujibiwa kwanza. La dawa pia lijibiwe na daktari kwa maandishi, kwa sababu nitawasomea wanawe.

Kiongozi wa msafara,
Tanga