Mitishamba isimtenge mgonjwa wa endometriosisi na hospitali

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nieleze maoni yangu kuhusu dawa za mitishamba wanazotumia wanawake wenye maradhi ya endometriosisi hapa Mombasa. Mimi ni mkunga mstaafu, na katika kazi yangu niliwapokea wagonjwa wengi waliokuwa wameshapita kwa bibi wa dawa kabla ya kufika kwetu, ingawa wengi wao walilificha jambo hilo kwa kuchelea kukaripiwa.

Maradhi haya hutokea pale tishu inayofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba inapoota nje yake, kwenye vifuko vya mayai, kwenye mirija, na wakati mwingine hata kwenye utumbo au kibofu. Tishu hiyo huchochewa na homoni ya estrojeni, ikaleta uvimbe na makovu yanayoweza kugandanisha viungo vya tumboni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa wanawake na wasichana wapatao milioni 190 wanaishi nayo, yaani takriban mmoja katika kila kumi walio katika umri wa kuzaa. Huku kwetu maumivu ya namna hii hutiwa yote katika kapu la chango, na msichana anayejikunja kitandani kila mwezi huambiwa avumilie, kwani akiolewa na kuzaa yatakwisha. Hakuna ndoa inayotibu endometriosisi, na wako wanaoijua kwa mara ya kwanza pale wanapotafuta mtoto wasimpate.

Wenzangu wa hospitali hupenda kusema kwamba wanaokwenda kwa bibi ni wajinga. Sikubaliani nao. Ukiingia katika vichochoro vilivyo karibu na Marikiti utamkuta bibi amemkalisha mgonjwa kwenye kibao, hana haraka naye, anamuuliza: “Walala usiku, mwanangu? Choo chapatikana vyema? Na ukiwa na mumeo, waumia?” Swali hilo la mwisho linahusu mojawapo ya dalili kubwa za ugonjwa huu, na katika foleni zetu za asubuhi ni nadra kuulizwa. Baada ya hapo humfungia tangawizi na mdalasini katika kikaratasi, akamwelekeza namna ya kujikanda kwa maji ya moto, na akamuusia apumzike na asishinde njaa. Mwanamke huondoka akiwa ameaminiwa kwamba anaumwa kweli, na kwa mtu aliyeambiwa kwa miaka kwamba anajidekeza, hilo si dogo.

Baadhi ya anayopewa yana msingi. Majaribio ya tangawizi ya unga, kwa kipimo cha miligramu 750 hadi 2,000 kwa siku katika siku tatu au nne za mwanzo wa hedhi, yameonyesha kuwa inapunguza maumivu, na joto la chupa ya maji ya moto pia husaidia. Hata hivyo, majaribio hayo yalihusu maumivu ya kawaida ya hedhi, hayakuwahusu wanawake wenye endometriosisi. Hata mitishamba ya Kichina, ambayo imechunguzwa kuliko yetu, mapitio ya Cochrane, mtandao wa wataalamu wanaochambua tafiti za tiba, yaliikutia majaribio mawili tu yaliyofaa, yenye wanawake 158 kwa jumla. Kwa hiyo mitishamba inaweza kumliwaza mgonjwa, kumtuliza tumbo na kumpa usingizi, lakini haijathibitika kwamba inaondoa tishu hiyo wala makovu yake. Dawa za homoni nazo haziung’oi ugonjwa, bali huudhibiti, na upasuaji huondoa tishu ingawa inaweza kurudi.

Kinachonikera ni wale wanaoahidi “kusafisha kizazi”. Wapo wanaouza vifurushi vya dawa vya kuingizwa ukeni, ambavyo huchubua na kuleta maambukizi bila kuifikia tishu iliyo nje ya kizazi. Wapo pia wanaouza dawa nyeusi ndani ya chupa ya maji ya dukani, isiyo na jina la mti wala tarehe. Daktari atajuaje kama ndani yake mna shubiri inayoharisha, au mwarobaini usiomfaa anayetafuta mtoto? Hata tangawizi na manjano, zikitumiwa kwa wingi pamoja na aspirini, zinaweza kuzidisha kutokwa na damu, na mgonjwa anayengojea upasuaji hana budi kumweleza daktari.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inaitambua tiba ya asili, na inataka uwepo utaratibu wa matabibu wake kuwaelekeza wagonjwa hospitalini. Naiomba Idara ya Afya ya Kaunti ya Mombasa ianze na maradhi haya ya wanawake. Bibi wa dawa afundishwe kumtuma hospitalini mwanamke ambaye hedhi humzuia kwenda shule au kazini, anayeumia akiwa na mumewe, anayeona damu katika choo au mkojo siku za hedhi, au aliyekaa mwaka mzima bila kushika mimba. Amwandikie katika karatasi majina ya miti aliyompa, hata kwa Kimvita au Kigiriama, mradi yasomeke.

Nao wauguzi wa kliniki wamuulize kila mgonjwa anatumia mitishamba gani, kwa sauti ile ile wanayomuulizia tarehe ya hedhi yake ya mwisho, na majibu yake yaandikwe kwenye kadi. Wakumbuke pia kwamba altrasaundi isiyoonyesha kitu haimaanishi kwamba mwanamke hana ugonjwa. Miongozo ya Ulaya ya mwaka 2022 inaruhusu matibabu ya homoni yaanzishwe kwa kufuata dalili, bila kungojea upasuaji wa kamera wa kuuthibitisha ugonjwa, ambao wengi wa wagonjwa niliowahudumia hawakuweza kuulipia.

Mkunga mstaafu,
Majengo, Mombasa